Msimu Ambao Baba Mkwe Hakutakiwa Uwanjani

Jumapili, 5 Juni 1994

Tumeshinda! Mbasa tatu, Lundo hawakupata kitu! Sauti sina, kanga moja imepotea uwanjani, na sijali. Daftari hili nililinunua kwa vipimo vya wateja, lakini wateja wenyewe wamehamia kwenye mitumba, basi acha libebe mpira.

Mwaka jana timu yetu ya Mbasa ilifungwa mechi kumi na moja mfululizo, mpaka watu wakawa wanapita njia ya juu wasikutane na wachezaji wetu na kulazimika kuwapa pole. Mwaka huu kuna kombe. Mnunuzi mpya wa kahawa aliyefungua ghala Mbinga, hawa wa binafsi walioruhusiwa juzi tu, ametoa kikombe, fahali na mipira mitatu. Wilaya nzima imepagawa, milimani na ziwani. Jezi za Mbasa nimeshona mimi kwa mashuka ya bluu, na leo zimependeza kuliko za dukani. Nalisema mwenyewe kwa sababu Steven, mume wangu, hajui kusifu.

Golikipa wetu ni Pankras, fundi mwashi kutoka Kigonsera aliyeshuka huku Liuli kujenga nyumba za watu. Anadaka mpira kama anapokea tofali.

Baba mkwe hakwenda uwanjani. Jana ameng'olewa jino, shavu limevimba.

Jumapili, 12 Juni

Ngumbo 0, Mbasa 1. Tumekwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, tunaimba. Miguu hainiumi hata kidogo.

Jumapili, 19 Juni

Leo nimeona kitu ambacho sitakisahau, na naomba Mungu anisamehe kama ni dhambi kukiamini.

Tulikuwa nyumbani, tunacheza na Lipingo. Dakika ya kumi wakatufunga. Pankras aliteleza, mpira ukapita pembeni yake taratibu kama kuku anayejua njia ya bandani. Kimya uwanja mzima. Eunice, mpishi wa hospitali na kiongozi wetu sisi akina mama wa ngoma ya kioda, akanishika mkono.

"Mama Margareta, geuka. Nani yule nyuma ya goli?"

Nikageuka. Baba mkwe! Mzee Hamphrey amekaa kwenye kigoda chake palepale alipokaa mwaka jana mechi zote kumi na moja.

"Mwaka jana alikuwepo kila siku," Eunice akasema. "Mechi ya Lundo hakuwepo. Ya Ngumbo hakuwepo. Leo kaja."

Kabla ya mapumziko mzee akaondoka, nadhani kwenda kuvuta tumbaku, na hakurudi. Dakika tatu baadaye tukasawazisha. Kipindi cha pili tukafunga la pili! Nilirukaruka mpaka kilemba kikaanguka, lakini kichwani nilikuwa nahesabu, na najua Eunice alikuwa anahesabu vilevile.

Jumatatu, 20 Juni

Kamati ya mashabiki imekutana jikoni kwa Eunice. Imeamuliwa Mzee Hamphrey asionekane uwanjani mpaka kombe liishe. Hakuna aliyesema ni mchawi, wala hakuna anayemfikiria hivyo. Ni mkosi tu, na mkosi hauna kosa. Wakaniuliza nani atamzuia. Nikasema mimi.

Nilijigamba mbele za watu, na sasa sijui nitafanyaje. Kwetu mkamwana hakai mkeka mmoja na baba mkwe wake, hamtazami usoni, wala hamwambii neno la maana kwa kinywa chake. Mambo hupitia kwa mtu mwingine. Mama mkwe alipokuwa hai tulipitishia kwake. Tangu afe, Steven akiwa safarini, na binti yetu Margareta yuko kwa mama yangu anakosoma, mimi na mzee tunazungumza na kuku. Nasema, "We kuku, ugali uko tayari." Naye anasema, "We kuku, mwambie aliyepika kwamba nakuja." Miaka kumi tunaishi kwa desturi hiyo na hatujagombana hata siku moja. Labda ndiyo siri yenyewe.

Jumapili, 26 Juni

Nimekificha kigoda juu ya dari la jiko. Mzee hasimami muda mrefu, magoti yake mabovu, kwa hiyo hakwenda. Mbasa 2, Lundo 1, marudiano. Mechi nne!

Jumapili, 3 Julai

Tano! Na Ngumbo wamerudi kwao wakilaumu upepo, kana kwamba mwera ulikuwa upande wetu vipindi vyote viwili.

Mzee leo alimuuliza kuku kigoda kiko wapi. Nikamwambia kuku kimepelekwa kwa fundi.

"We kuku," akasema, "kigoda cha mti mmoja, hakina kiungo wala msumari, fundi anatengeneza nini?"

Nilikimbilia jikoni kucheka.

Jumapili, 10 Julai

Mbamba Bay, kwao, mbele ya watu wao, kwenye kiwanja chao chenye mchanga wa kumeza mguu. Mbili bila! Sita! Pankras amedaka penalti, akainuka, akaibusu mikono yake mwenyewe. Wanawake wa Mbamba Bay walituambia ngoma ikivuma sana hupasuka. Tukawajibu kwa kioda, mistari miwili, mpaka wakaanza kupiga makofi wenyewe.

Jumapili, 17 Julai

Lipingo wamekufa kwao. 1–0. Saba.

Jumatatu, 18 Julai

Redio inasema Brazili wamechukua Kombe la Dunia kwa penalti. Hongera zao. Sisi tuna mechi na Lituhi.

Jumatano, 20 Julai

Steven amempeleka baba yake hospitali. Nilidhani ni magoti. Kumbe ni macho. Presha ya macho, jicho la kushoto limekwisha kabisa na la kulia linafuata, na likienda halirudi. Mzee alikuwa anajua tangu mwaka jana na hakumwambia mtu.

Steven alikaa kwenye benchi la cherehani yangu, akakunjakunja kofia yake.

"Baba ameniomba kitu kimoja tu," akasema. "Anataka aione Mbasa ikicheza fainali kabla giza halijaingia. Yeye ndiye aliyeianzisha, mwaka wa Uhuru. Alikuwa kapteni wa kwanza. Unajua hilo?"

Nilikuwa najua. Nani asiyejua?

"Na ni wewe uliyemfichia kigoda."

"Nimetumwa na kamati."

"Basi iambie kamati."

"Iambie wewe. Wewe ni mwanaume, na ni baba yako."

Akairudia kofia yake kuikunja. Steven ni mtu mwema lakini mbele ya Eunice anakuwa mtoto wa darasa la pili. Na mimi, acha niandike ukweli maana hapa hasomi mtu, niliwaza hivi: zimebaki mechi tatu kabla ya fainali. Tukimruhusu sasa tukafungwa, hakuna fainali ya kuona. Kwa hiyo kumzuia ni kwa faida yake. Nililiona wazo hilo zuri sana.

Jumapili, 24 Julai

Nane! Lituhi 0, Mbasa 3!

Jumapili, 31 Julai

Tisa! Mbamba Bay wamekuja na kelele wameondoka kimya. Tumeongoza kundi, nusu fainali tunaikaribisha sisi, tena na nani? Na Kigonsera, nyumbani kwa Pankras. Watu wameanza kumtazama Pankras kwa jicho la pembeni. Nami kidogo.

Niliporudi leo mzee alikuwa amekaa chini nyuma ya nyumba, mgongo ukutani. Akamwambia kuku matokeo kabla sijamwambia mimi. Amesikia vigelegele, akahesabu. "Mbili bila," akasema, "na goli la pili lilikuwa la kichwa, maana watu walivuta pumzi kwanza." Ni kweli lilikuwa la kichwa. Nilimwekea chakula. Akapapasa mkeka mara tatu kabla hajaifikia sahani, nami nikatazama pembeni kama heshima inavyotaka.

Ijumaa, 5 Agosti

Nimeshona viraka kwenye jezi namba nne na saba. Upepo mkali. Dagaa wetu, usipa, wameadimika.

Jumatano, 10 Agosti

Eunice kaja kuuliza, "Mzee mmemfunga vizuri?" Alikuwa anatania. Sikupenda alivyotamka.

Jumamosi, 13 Agosti

Nimemwambia kuku kwamba mechi imeahirishwa mpaka Jumatatu, refa hajafika. Mzee alisema, "We kuku, pole kwa wachezaji." Basi. Nimedanganya mtu mzima, baba wa mume wangu. Lakini ni mechi ya kumi!

Jumapili, 14 Agosti

Naandika ndefu leo.

Watu walikuja kutoka kila upande. Kigonsera walishuka na lori mbili, wamevaa makoti kana kwamba huku kuna baridi yao. Ngoma za mganda zilianza mapema kuliko kawaida, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nimesahau ngoma. Mzee ana masikio. Hakuna anayepiga mganda kwa ajili ya mechi iliyoahirishwa.

Kipindi cha kwanza sikukiona vizuri. Kila mara nilitazama nyuma ya goli. Hakuwepo, nikashukuru. Pankras alidaka mawili ya hatari kutoka kwa vijana aliocheza nao utotoni, na mashaka yangu juu yake yakaisha papo hapo, nikaona aibu. Mapumziko bila bila. Nikamwambia Eunice nakwenda kuchungulia nyumbani.

"Usichelewe," akasema. "Mstari wetu ukipungua mtu, nuksi."

Nyumbani mkeka ulikuwa mtupu, na fimbo haikuwepo. Nilimwita kuku. Ndiyo, nilimwita kuku! Kisha nikapiga kelele, "Baba!" Mara ya kwanza katika miaka kumi, na hakuwepo wa kusikia.

Kiwanja kiko juu, karibu na kanisa. Lakini mwera ulikuwa unavuma na kuziteremsha kelele mpaka ziwani, na mtu asiyeona akifuata kelele hizo atateremka nazo. Nikakimbia chini. Nilimkuta kwenye matete, maji yamefika magotini, mikono imechanika, amesimama wima kabisa na uso wake umeelekea majini akidhani anatazama uwanja.

"We ngoma," akawa anasema, "mbona uko karibu na sikuoni?"

Kumshika mkono siwezi, si desturi. Nikaishika ncha ya fimbo yake na kuvuta. Akajua ni mimi kwa sababu mtu mwingine yeyote angemshika mkono.

Tulifika kwenye mchanga mkavu, akaketi. Alikuwa amechoka mno kupanda. Nami nikaketi, hatua kama sita, nimempa mgongo. Kipindi cha pili cha nusu fainali, mechi niliyoingoja maisha yangu yote, niliisikilizia pale.

Kelele zikapanda. Nikainuka.

"Hiyo ni kona," akasema, hakumwambia kuku wala mtu.

Zikapanda tena, juu zaidi.

"Hiyo Pankras amedaka."

Kisha ukaja mlio ambao hauhitaji kufasiriwa. Vigelegele, ngoma, kengele ya kanisa, sijui nani aliyethubutu kuigusa. Mzee akapiga mchanga kwa kiganja, akacheka kwa ufizi wake wenye pengo, na machozi yakamtoka kwenye macho yote mawili. Macho yasiyoona nayo hutoa machozi. Sikulijua hilo.

Kumi. Moja bila. Tumo fainali, na mimi sikuliona goli, na sina wa kumlaumu.

Jumatatu, 15 Agosti

Sijalala vizuri. Sikumpeleka uwanjani, nilimpeleka majini. Hilo ndilo nililolifanya.

Jumapili, 21 Agosti

Mkutano wa mashabiki. Fainali ni Jumapili ijayo, Mbinga mjini, dhidi ya timu ya mjini yenyewe. Lori la kahawa litatuchukua bure. Eunice akasoma majina ya watakaopanda. Nikasimama nikasema ongeza Mzee Hamphrey.

Ungedhani nimetukana. "Mechi kumi!" wakasema. "Kumi, Edina, unataka kuzimwaga?"

"Mzee macho yanakwisha," nikasema. "Aliomba fainali moja."

"Atasimuliwa," mtu akajibu.

Eunice aliniangalia kwa muda. Yeye ndiye aliyenifundisha kioda nilipoolewa hapa, mgeni sijui mtu. "Ukimleta," akasema polepole, "tukifungwa, tutajua jina la mkosi, na halitakuwa la mzee."

"Liandike kabisa," nikamjibu. "Edina. Herufi tano."

Steven alikuwa nyuma, amesimama mlangoni. Nilidhani atatazama chini. Akaivua kofia yake, akasema, "Na mimi naandikwa hapo." Nilimpenda upya.

Jumamosi, 27 Agosti

Nimekishusha kigoda darini nikakifuta masizi. Nimemwekea baba shati jeupe.

Jumatatu, 29 Agosti

Jana sikuweza kuandika. Leo naandika yote.

Tuliondoka alfajiri, tumesimama kwenye lori kama magunia, tunaimba. Mzee aliketi kwenye kigoda chake, mbele, mgongo kwenye kibanda cha dereva. Kuzunguka kigoda chake hakuna aliyekaa. Kule milimani kahawa ilikuwa imeanikwa kila ua, na Wamatengo walitupungia mkono wakituambia tutalia. Tukawaambia waandae leso zao.

Uwanja wa Mbinga sijawahi kuuona umejaa vile. Mbinga mjini walikuwa na viatu wote kumi na mmoja. Sisi tulikuwa na viatu sita vya mitumba na miguu ya Mungu kwa waliobaki. Steven alichukuliwa kushika kibendera cha pembeni, maana msaidizi mmoja wa refa alikuwa mgonjwa. Nikamweka baba mkwe kwenye kigoda karibu na mstari, nikarudi nyuma kwa akina mama. Eunice akasogea, na mstari mzima ukasogea. Hawakunifukuza, walisogea tu.

Mpira ukaanza. Nikamtazama mzee. Shingo yake ilikuwa inazunguka upande huu na ule, inafuata kelele, na kila mara inachelewa. Watu elfu mbili wanapiga kelele za timu mbili pamoja, nani awezaye kuhesabu hapo? Akaniita. Hakuniita kwa jina, alisema tu hewani, "Kuna mtu wa Liuli hapa karibu? Naona weupe mtupu. Mpira uko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Wote walimsikia.

Nikaenda. Nilitandika kanga yangu pembeni ya kigoda chake, begani kwake kabisa, mbele ya wilaya nzima, nikaketi. Nyuma yangu nilisikia mama mmoja akivuta pumzi kama aliyeona nyoka. Kuku hakuwepo.

"Baba," nikasema, "mpira uko kwa beki wetu wa kulia. Anatafuta wa kumpa."

Shingo yake ikaacha kuzunguka. Nikadhani nimeharibu.

"Winga yuko wapi?" akauliza.

"Amejificha nyuma ya yule mrefu wa Mbinga."

"Mwambie beki apige mbali."

"Amepiga! Winga ameupata, anakimbia, amempita mmoja, baba, amempita wa pili, anapiga—goli! GOLI BABA!"

Nilimshika bega. Sikukumbuka desturi wala jina langu. Naye akanishika kiwiko, akawa anakitikisa kama mtu anayechuma maembe.

Sitaki kuandika kila kitu, mkono unauma. Wakasawazisha. Wakaongeza. Tulipofungwa la pili mtu alisema kwa sauti, "Si tulisema?" nami nikaendelea kumwambia baba mpira. Nilimwambia vumbi lilipo, jezi ya namba saba ilivyopasuka pale penye kiraka changu, jinsi refa anavyokimbia amebinua matako. Akacheka sana. Dakika ya themanini tukasawazisha kwa frikiki, na mara hii sikuwa wa kwanza kusema. Yeye alisema, "Nimeliona hilo," kwa sababu nilimwambia tangu mpira ulipowekwa chini, ukuta wa Mbinga ulivyoacha pengo, mguu ulivyorudi nyuma. Sauti ilinikauka. Mtu akanipitishia kikombe cha maji juu ya bega. Niligeuka nikaona ni mkono wa Eunice, uso umetazama kwingine.

Dakika ya mwisho kabisa wakapata kona. Pankras aliruka, akaugusa, haukutosha. Tatu kwa mbili. Filimbi.

Nilifunika mdomo kwa kiganja.

"Niambie," baba akasema.

"Wametufunga, baba. Imekwisha. Pankras amelala chini, wenzake wanamwinua."

"Wanamwinua wangapi?"

"Wote."

"Vizuri," akasema.

Kwenye lori hakuna aliyeimba. Giza lilikuwa limeanza kuingia na baridi ya milimani ilitufuata. Mwishowe mtu mmoja akashindwa kujizuia: "Mkosi huo hapo, tumeubeba wenyewe mpaka Mbinga."

Mzee akageuka kuelekea sauti. "Mwaka jana nilikuwa nawaona, mkafungwa kumi na moja. Mwaka huu siwaoni, mmefungwa moja. Hayo si maendeleo?"

Kisha Pankras, aliyekuwa amejiinamia tangu Mbinga, akaanza kucheka, Eunice akafuata, na kicheko kikapita lori zima. Nusu saa baadaye tulikuwa tunaimba mechi zote kumi, moja moja, na ile ya kumi na moja tukaiimba pia.

Nilikuwa nimeketi sakafuni karibu na kigoda. Nilidhani nirudi upande wa akina mama, kwa kuwa mechi imekwisha na desturi ingalipo. Baba mkwe akanizuia kwa sauti ya chini.

"Mama Margareta. Miaka kumi umenipikia. Sikuwahi kukutazama usoni, ndiyo adabu tuliyofundishwa, nami niliishika. Sasa hata nikitaka siwezi tena." Akangoja kidogo lori lipite shimo. "Nisimulie, kama ulivyonisimulia mpira."

Sikujua nianzie wapi. Nikaanzia juu.

"Nina paji pana, baba," nikasema. "Nina kovu dogo hapa kwenye nyusi ya kushoto, niliangukia kinu nikiwa mtoto. Na nina mwanya."

"Mwanya," akasema, akitikisa kichwa taratibu. "Steven hajawahi kuniambia. Endelea."